Kioo cha Chumba cha Mavazi

Sajini Clavery Rugaibula alisimama katika mlango wa stoo ya vifaa, akaitazama rafu ya tatu kwa muda mrefu hadi Mkuu wa Chuo akaanza kukohoa kikohozi cha kumharakisha.

"Hapa ndipo ilipokuwa?" aliuliza Sajini.

"Hapo hapo. Ndani ya sanduku lake jeusi. Kamera, betri mbili na kanda tatu mpya. Vyote havipo."

Mkuu wa Chuo, Dakta Buberwa, alikuwa mtu mrefu mwenye suti ya kijivu na macho mekundu ya kukosa usingizi. Alikuwa na haki ya kuukosa. Ilikuwa Alhamisi, saa mbili asubuhi, mwezi wa Novemba mwaka 1988, na Jumatatu wakaguzi wa chuo kikuu wangeshuka melini kuja kuangalia kama chuo hiki kidogo cha Bukoba kina vifaa vya kutosha kufundisha Sanaa za Picha na Sauti kwa ngazi ya shahada. Miaka sita alikuwa akiandika barua za kuomba. Vita vya Kagera vilipokwisha, majengo haya hayakuwa na hata kitasa cha mlango. Sasa yalikuwa na studio ya sauti yenye trei za mayai zilizobandikwa ukutani kumeza mwangwi, chumba cha giza cha kusafishia picha, taa tatu za filamu, rekoda mbili za kanda kubwa za duara, na kamera moja ya video. Yaani walikuwa nayo hiyo moja mpaka juzi.

"Kufuli halikuvunjwa," alisema Sajini.

"Mwenye ufunguo avunje kufuli la nini? Jana niliwaambia wenzako. Ufunguo ni mmoja, na anao mtunza stoo, Bartholomayo. Mko naye mahabusu. Kesho saa tatu anapelekwa mahakamani. Mimi ninachotaka ni kamera, Sajini, si maelezo."

"Kamera hufuata maelezo, Mkuu. Sijawahi kuona imekuja yenyewe."

Rugaibula alizaliwa Izimbya, katikati ya migomba na mibuni, na kituoni walimtania kwamba anapeleleza kama bibi anayechambua maharage: moja moja, na lile bovu haliachi liingie chunguni. Alikuwa amelikubali hilo jina la bibi. Aliinama sasa kwenye rafu ya chini kabisa, akatoa kitu cha plastiki cheusi chenye waya mrefu. Waya ulikuwa umekunjwa vizuri na kufungwa kwa kamba ya mgomba.

"Hiki nini?"

"Chaja ya zile betri."

"Betri moja inafanya kazi muda gani?"

"Dakika arobaini, tukibahatika."

"Na chaja nyingine ya namna hii mjini iko wapi?"

"Hakuna. Labda uende Nairobi."

Sajini aliirudisha chaja mahali pake kwa uangalifu. "Mwizi wa kweli haachi chaja."

"Alikuwa na haraka."

"Mwenye haraka hakai akakunja waya na kuufunga kamba. Hebu nionyeshe vyumba vingine."

Dakta Buberwa alitembea mbele, na pamoja na hasira zake hakuweza kujizuia kueleza. Hapa tunachanganya sauti. Hapa wanafunzi wanakata kanda. Hapa, ukizima taa hii nyekundu, picha za muhula mzima zinaharibika. Alivitaja vifaa vyake kama mzazi anavyotaja watoto waliopona surua, na Sajini, ambaye alikuwa amejiandaa kumchukia, alishindwa.

Chumba cha mwisho kilikuwa cha mavazi, pale waigizaji wa tamthilia wanapojipamba. Kanzu zilining'inia kwenye msumari, na vipande vya lubugo, lile gome la mti wanalovaa wakicheza habari za wafalme wa zamani, vilikunjwa juu ya meza. Kwenye ukuta uliofifia kwa vumbi kulikuwa na mraba mrefu ambao rangi yake bado ilikuwa mpya.

"Palikuwa na nini hapa?"

Mkuu aliutazama ukuta kwa mshangao. "Kioo, nadhani. Kioo kikubwa cha kujitazamia. Sajini, mimi nimepoteza kamera, wewe unaniuliza habari za kioo?"

"Kilitoka lini?"

"Sijui. Chumba hiki ni cha Alistidia, mtunza mavazi. Yuko likizo, anamuuguza mume wake."

"Mume wake ni nani?"

"Kamugisha, mwalimu wetu wa kamera." Dakta Buberwa alishusha sauti ingawa chumbani hawakuwemo wengine. "Ana miezi minne hajaja kazini. Unajua tena. Juliana."

Sajini alijua. Mkoa mzima ulijua. Lilikuwa jina la kitambaa kizuri kilichovushwa mpakani na wafanyabiashara wa magendo, na wafanyabiashara hao walipoanza kukonda na kufa, watu wakauita ugonjwa kwa jina la nguo. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Kagera ya miaka ile ilikuwa bado inaficha kwa nguvu zake zote.

"Kuna mtu aliyewahi kuomba kuitoa kamera nje ya chuo?"

"Wengi. Nimewakatalia wote. Kifaa hakitoki mpaka wakaguzi waondoke." Mkuu alisita. "Kama unataka ushauri wangu, nenda kwa Mhindi mwenye studio ya picha karibu na soko. Vitu vya picha vikipotea mji huu, huishia kwake."

Sajini aliandika yote katika daftari lake, na kioo akakiandika kwanza.

*

Bartholomayo aliletwa kutoka mahabusu akiwa amefunga kifungo cha shati mpaka cha shingoni. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya ya Kilutheri, na kwa miaka minane hakuna hata balbu iliyopotea katika stoo yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Umelala?"

"Nimefumba macho tu."

"Kamera iko wapi?"

"Haijaibiwa."

"Sikuuliza kama imeibiwa. Nimeuliza iko wapi."

"Itarudi Jumapili. Wakaguzi wataikuta kwenye rafu, imefutwa vumbi."

"Mzee, kesho saa tatu uko mbele ya hakimu. Hakimu hatasubiri Jumapili. Utapelekwa gerezani kungoja kesi, na kesi zenyewe unazijua zinavyokwenda. Kwa umri wako, na mvua hizi."

"Najua."

"Jana nilipekua chumba chako kule Kashai. Koti jeusi limepigwa pasi. Viatu vinang'aa. Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Kanisani."

"Siku ya Jumatano?"

Mzee aligusa kifungo cha shingoni. Sajini aliuliza kwa upole, kana kwamba ni jambo dogo, "Na kioo je?"

Kwa mara ya kwanza Bartholomayo alinyanyua macho. Aliyashusha upesi. "Kioo kipi?"

Katika kazi yake Rugaibula alikuwa amesikia waongo wa kila aina, wengine mafundi kabisa. Huyu alikuwa mwanafunzi wa darasa la kwanza, na Sajini alimwonea huruma.

*

Suryakant alikuwa amezaliwa Bukoba, na ndugu zake karibu wote walikuwa wameshahama, wengine Dar es Salaam, wengine Uingereza. Yeye alibaki na studio yake, pazia lake lililochorwa ziwa na milima ambayo haipo popote, na paka mmoja.

"Karibu, bwana Sajini. Picha ya pasi au ya kesi?"

"Ya kesi, Mzee Suryakant."

"Kamera ya chuo. Nimesikia. Na Mkuu amekwambia uje kwangu."

"Anasema vitu vya picha huishia hapa."

"Huishia hapa vikiharibika, halafu navitengeneza, halafu vinarudi kwake." Mzee hakukasirika, au alikuwa amechoka kukasirika. Alifungua kabati moja baada ya jingine kabla hajaombwa. "Tazama. Lenzi kuukuu. Flashi mbovu. Negativu za harusi tangu kabla ya Uhuru. Ile kamera ya video niinunue nimuuzie nani? Bara huku hakuna televisheni. Mteja wangu anataka picha ya kushika mkononi, aiweke kwenye bahasha ampelekee mama yake. Mashine ile bila televisheni ni jiwe."

Sajini alikagua makabati yote, kwa sababu kazi ni kazi, na hakukuta kitu. Maneno ya Mkuu yaliishia hapo. Alikuwa anafunga daftari alipoiona picha iliyotundikwa juu ya kaunta: bibi kizee ameketi ndani ya nyumba ya msonge, nyasi laini zimetandazwa sakafuni, na uso wake una mwanga safi upande mmoja, kila kunyanzi linaonekana. Nyumba za namna ile hazina madirisha.

"Hii ulipiga kwa taa gani?"

"Hakuna taa. Ni mwaka sabini na tisa, wakati wa vita. Umeme hakuna, balbu za flashi zimekwisha, na watu wanataka picha kuliko siku zote. Wakati wa vita kila mtu anataka kuacha sura yake. Basi tukaweka kioo kikubwa nje juani, kikatupa mwanga ndani kupitia mlangoni. Ukuta wa pili nikatundika shuka jeupe. Bibi huyu hakuweza kutoka, miguu ilikuwa imekufa."

"Nani alikuwa anakishika kioo?"

"Mwanafunzi wangu. Kamugisha, ndiye mwalimu wa kamera sasa pale chuoni. Mkono wake haukutikisika hata ndege za vita zikipita." Suryakant alivua miwani. "Nasikia anaumwa. Sijaenda kumwona. Ninasema kesho, kesho."

Sajini aliketi kwenye kiti cha wateja. Alihesabu kwa vidole, taratibu, na Suryakant akamsikiliza kama mtu anayejua hesabu hiyo itaishia wapi.

"Chaja imeachwa. Maana yake aliyeichukua kamera alijua atairudisha, na kule alikokwenda nayo hakuna umeme. Betri mbili, dakika themanini tu. Kazi yake ni fupi. Kioo kimekwenda pamoja nayo, kwa hiyo anapiga mchana, ndani ya nyumba yenye giza. Na mtu anayeweza kutembea humpigi ndani kwa kioo. Unamwekea kiti uani, yamekwisha."

"Ni mgonjwa," Suryakant alisema.

"Ni mgonjwa. Na mkewe ndiye mwenye chumba kilichotoka kioo. Kwao Kamugisha ni wapi?"

"Ijumbi, kule Muleba."

Sajini alitoa pumzi. "Kituo chetu hakina petroli tangu Jumatatu."

Suryakant alikuwa ameshashika funguo. "Mimi ninayo ya kwenda na kurudi. Lakini naendesha mwenyewe. Ile pikapu ina tabia zake."

*

Mkuu wa kituo alitaka kujua mtuhumiwa anapelekwa wapi. Rugaibula aliandika kwenye kitabu: kuonyesha kidhibiti. Akamfunga Bartholomayo pingu, akamkalisha katikati, wakaondoka watatu wamebanana kwenye kiti cha mbele. Mzee aliomba jambo moja tu, wapitie Kashai achukue koti lake. Sajini alifikiri, akakubali.

Walipita Kemondo. Walipopita Muhutwe mzee aliona kwamba gari haligeuki, akamgeukia Sajini.

"Mnakwenda Ijumbi."

"Tunakwenda Ijumbi," alisema Sajini. "Sasa niambie mwenyewe, nisije nikaikosea hesabu."

Bartholomayo aliangalia mikono yake iliyofungwa. "Kamugisha ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Anakufa. Ana mke na mabinti wawili, na kibanja cha migomba alichokinunua mwenyewe. Si cha ukoo, mwanangu, ukisikia watu wanasema ni cha ukoo ni uongo. Alikikuta pori, akapanda mgomba wa kwanza mpaka wa mwisho. Lakini kaka zake wanasema akifa tu, Alistidia arudi kwao na watoto wagawanywe kwa ndugu. Wanasema mwanamke aliyeleta ugonjwa hana kibanja."

"Ameleta yeye?"

"Nani anajua nani alileta nini? Wameuleta wote na hawakuuleta."

Pikapu iliruka shimo. Suryakant aliomba radhi kwa niaba yake.

"Anataka kuacha wosia wa mdomo," mzee aliendelea. "Na wosia wa mdomo unataka mashahidi wanne. Wawili wa ukoo, wawili wasio wa ukoo. Wa kuandika nao unataka mashahidi wake. Wa ukoo tulipatikana mimi na dada yangu Kokugonza. Wa nje hakuna. Majirani tuliwaita mara tatu. Wanasimama kwenye migomba, wanasalimia kwa mbali, wanaondoka. Ndipo Alistidia akasema, tuchukue kamera, isimame badala ya hao wawili. Kamera inaona, inasikia, na haiongopi. Nikamwomba Mkuu ruhusa mwezi uliopita. Alikataa. Alisema kifaa kikiingia nyumba ya ugonjwa ule, wanafunzi hawatakigusa."

"Ukampa Alistidia ufunguo."

"Nilifungua mwenyewe. Kosa ni langu. Jana nilikuwa naondoka kwenda kukaa shahidi, ndipo mkanikamata. Nikajisemea, basi, na mimi vile vile kamera itasimama badala yangu. Nikisema iko wapi mtaifuata na kuichukua kabla hajazungumza. Heri nikae gerezani."

Sajini Rugaibula alifungua dirisha. Hasira ilimjaa, lakini hakujua aielekeze kwa nani, ikabidi aimalizie kwa mzee.

"Mzee Bartholomayo, umekaa na mashine mpaka umesahau watu. Kanda hiyo baraza la ukoo wataiangalia wapi? Kwenye televisheni ipi? Hakimu wa mahakama ya mwanzo wa huku hana hata umeme wa kuwasha taa. Atauliza: mashahidi wako wapi? Utamjibu wako ndani ya sanduku jeusi? Kaka zake watacheka, na kibanja watakichukua hiyo hiyo siku ya matanga."

Mzee aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka, na kwa sababu ya pingu hakuweza kuyafuta vizuri.

"Hilo sikulifikiria," alisema. "Miaka minane watu wanakuja kwangu wanasema, hii ndiyo inayohifadhi ukweli. Nikaamini."

Suryakant alitoa leso mfukoni, akampa bila kuondoa macho barabarani.

*

Walifika saa tisa. Nyumba ilikuwa ya udongo, mlango mmoja, migomba imeizunguka mpaka karibu na ukuta. Mbele ya mlango, juu ya kiti, kioo cha chumba cha mavazi kilikuwa kimeegemezwa kwa matofali, na jua lilidunda juu yake likaingia ndani. Kwenye kibanja cha jirani mwanamume mmoja aliacha kupalilia, akatazama, asisogee.

Alistidia alitoka. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, kitenge kimefungwa kifuani, macho makavu. Aliziona pingu, lakini adabu kwanza: alipiga magoti.

"Mwasibota, waitu," aliwasalimu, kisha akasimama. "Tata," alimwita Bartholomayo kwa heshima ya baba, "Kamugisha anakuuliza tangu jana."

"Nimekuja na polisi, mwanangu."

"Naona." Alimgeukia Sajini. "Kamera iko ndani. Haina mkwaruzo. Nichukue mimi, mzee umwachie. Lakini nakuomba, acha kwanza aseme. Jana alianza, akakohoa mpaka betri ya kwanza ikaisha. Imebaki moja, nayo haishiki chaji vizuri."

"Kamera itarudi Bukoba leo hii na sisi," alisema Sajini. "Na daftari langu litasema imepatikana nzima, mikononi mwa mtumishi wa chuo, ikifanya kazi iliyonunuliwa kufanya. Sioni wizi hapo. Mkuu wa kituo nitamwambia hivyo kesho asubuhi kabla ya saa tatu, ili mzee asifikishwe kwa hakimu, na Dakta Buberwa nitamwambia mwenyewe. Sasa tuonyeshe njia."

Ndani mlikuwa na harufu ya nyasi mbichi na dawa. Kokugonza, shangazi wa mgonjwa, alikuwa ameketi chini miguu imenyooshwa. Alipowaona wageni hakuuliza wao ni nani. Alivuta kikapu kidogo cha ukili kutoka nyuma yake, akakifunua. Ndani zilikuwa kahawa za kutafuna, zile zilizochemshwa kwa majani na kukaushwa, ambazo katika nchi ya Wahaya mgeni hupewa kabla ya neno lolote. Alikisogeza nusu, akakiacha hapo. Sajini alielewa kwa nini. Kikapu kile kilikuwa kimejaa mpaka juu. Kwa miezi minne hakuna mgeni aliyechukua hata punje.

Rugaibula alichukua mbili, akazitia mdomoni zote, akatafuna akimtazama mama huyo.

"Zimeiva vizuri, mama. Nyumbani Izimbya wanazichemsha kupita kiasi."

Suryakant naye alichukua. Kokugonza alikifunika kikapu, akageuza uso ukutani, na mabega yake yakaanza kutikisika bila sauti.

Sajini alitoa ufunguo, akafungua pingu. "Bado uko chini ya ulinzi, mzee. Lakini shahidi hakai na pingu. Vaa koti lako."

Bartholomayo alilivaa, akalifunga vifungo vyote.

Kamugisha alikuwa ameegemezwa kwa mito kwenye kitanda cha kamba. Miaka thelathini na mbili, na mifupa yake yote ingehesabika. Mwanga wa kioo ulimlala shavuni. Alimwona Suryakant, akatabasamu, na kwa sauti ndogo ya kukwaruza akasema, "Mwalimu. Kioo kimekaa chini mno. Nina kivuli juu ya macho."

"Kivuli kidogo ni kizuri," alisema Suryakant, lakini alitoka nje, akapandisha tofali moja, akarudi. Mwanga ulipanda hadi kwenye paji la uso. Macho yake mwenyewe yalikuwa yamelowa. "Nisamehe sikuja mapema."

"Umekuja na jua zuri."

Sajini alisubiri mpaka wote wameketi kwenye nyasi. "Kamugisha," alisema, "mimi ni Rugaibula wa Izimbya. Si wa ukoo wenu. Huyu ni Suryakant."

"Mimi si wa ukoo wa mtu yeyote hapa," alisema Suryakant.

"Kwa hiyo wawili wa nje tupo. Wawili wa ukoo ni baba yako mdogo na shangazi yako. Unajua kwa nini tumekaa?"

Mgonjwa aliwatazama. Ilimchukua muda kuelewa, na alipoelewa alifumba macho, na Alistidia akadhani amezimia, akasogea. Alikuwa anapumua tu.

"Nyuma ya kamera, Alistidia," alisema. "Bonyeza."

Alistidia alipiga magoti nyuma ya mashine, akabonyeza. Taa ndogo nyekundu iliwaka.

"Mimi ni Kamugisha," alianza, akiitazama lenzi moja kwa moja, kama alivyowafundisha wanafunzi wake. "Akili yangu ni nzima. Hakuna aliyenilazimisha. Kibanja hiki nilikinunua mwenyewe kwa mshahara wa kazi yangu, hakuna mgomba wa ukoo ndani yake. Kaka zangu wanajua, hata wakikataa. Mke wangu hakunikosea. Alinisafisha wakati ndugu zangu wanapita njia ya mbali." Alipumzika. Nje kulisikika mtu akikanyaga majani makavu ya migomba, karibu na ukuta. "Kibanja hiki, nyumba hii, na mibuni yote mpaka kwenye mtaro, ninaviacha kwa..."

Kikohozi kilimshika. Kilikuwa kirefu. Alistidia aliachia kamera, akamshika mgongo, akampa maji kwa kijiko. Aliporudi nyuma ya mashine taa nyekundu ilipepesa mara mbili, ikazima.

Alibonyeza. Alibonyeza tena. Alitoa betri, akaisugua kwenye kitenge, akairudisha.

"Imekwisha," alisema. Sauti yake ilivunjika kwa mara ya kwanza. "Kabla ya jina. Imekwisha kabla ya jina."

Kamugisha alikuwa bado anaitazama lenzi. Bartholomayo alinyoosha mkono kwenye kamera kwa mazoea ya miaka minane, kisha akaurudisha magotini.

Sajini Rugaibula alivua kofia, akaiweka juu ya nyasi.

"Endelea, Kamugisha," alisema. "Tupo wanne."

Mgonjwa aliiacha lenzi. Aliwatazama wao, mmoja mmoja, mpaka wa mwisho, kisha akalitaja jina la mke wake na majina ya binti zake wawili, polepole, halafu akayarudia tena, na mara hii yule jirani aliyekuwa akipalilia alikuwa ameshasimama mlangoni, jembe mkononi, anasikiliza.